Muvi imenivuruga kichwa na sijui hata kama nimeipenda

Shikamoo Anti,

Najua watu wanakuletea mambo mazito ya ndoa na wakwe na mimi nakuja na muvi, ila naomba unisikilize kwasababu hili jambo limefika mahali linanigombanisha na kaka yangu na linanifanya nijione mtu nisiyejielewa.

Mi napenda muvi tangu mdogo, na kaka ndo alinizoesha, tumekua tunaangalia pamoja, steringi yupo, adui yupo, mwisho unajua nani kashinda mnazima mnaenda kulala. Sasa siku hizi nimeanza kuvutiwa na zile muvi zilizovurugika, sijui nizieleze vipi, yani mtu anakufa afu baadae yupo mezani anakula na hamna anaeshangaa, au stori inaanza na polisi wanatafuta kitu afu hicho kitu kinasahaulika kabisa, tunaishia kwenye harusi ya watu ambao hatujawahi kuwaona. Hakuna anaenilazimisha, nazitafuta mwenyewe. Shida ni kwamba ikiisha nabaki nimekaa palepale, sijui nimefurahi au nimechoka.

Ya juzi ndo imeleta ugomvi. Ni ndefu, karibu masaa matatu, kuna mama anarudi kwenye nyumba aliyokulia kugawa vitu vya marehemu baba yake, katikati ghafla yule binti yake ndo anaanza kuitwa kwa jina la mama, na mama mwenyewe anakuwa kama mgeni mle ndani, na hawaelezi, mpaka inaisha hawaelezi. Kuna kipande kirefu nilikuwa napambana na usingizi kabisa. Ila kuna sini moja mama kasimama kwenye korido anasikia watu wa chumba cha pili wanamzungumzia kama vile alishakufa zamani, Anti, mwili ulinisisimka, na mpaka leo ile sini inanijia tu yenyewe. Ikaisha. Kaka akasema takataka. Mi nikasema nimeipenda. Akaniuliza haya inahusu nini, nikashindwa kusema. Akasema basi hujaipenda, unajifanya tu, mtu hawezi kupenda kitu ambacho hajakielewa, umeona watu mtandaoni wanaisifia na wewe unataka uonekane msomi.

Iliniuma kwasababu sina uhakika kama anakosea. Usiku huohuo nikaingia kusoma maelezo, nikakuta mtu kachambua kila kitu, yule mama maana yake hivi, nyumba maana yake vile, nikajikuta naipenda zaidi, afu nikajiuliza sasa hii naipenda mimi au namkubali tu huyu jamaa alivyoeleza? Kuna nyingine niliimaliza huku nailaani, mpaka leo naiwaza. Kuna nyingine siku ile niliiona kali sana, saivi sikumbuki hata sura ya mtu mmoja mle ndani.

Na hapo bado kuna kundi la marafiki zangu, tukimaliza muvi kila mtu anatoa nyota zake kati ya tano na lazima useme hapohapo. Mi kila mara naweka tatu, wameshanizoea mpaka wananiita Tatu. Naomba unisaidie, mtu anajuaje kama kaipenda muvi ambayo hajaielewa? Na nitajuaje kama hii ni kazi nzito au ni fujo tu za mtu aliyeshindwa kutengeneza?

Tatu

*

Marahaba Tatu mwanangu,

Hili sio dogo kama unavyodhani. Mtu akishaanza kushuku hata furaha yake mwenyewe, kwamba labda nafurahi kweli au najidanganya tu, hiyo inakula mtu taratibu, kwahiyo umefanya vizuri kuandika.

Nianze na kaka maana neno lake ndo limekukaa rohoni. Kaka anasema huwezi kupenda usichokielewa, na mimi namkatalia kabisa, tena ushahidi naupata kwenye barua yako. Ile korido uliielewa. Uliielewa kuliko hata unavyojua, mtu kasimama nje ya mlango anasikia anazungumzwa kama hayupo tena duniani, ile hofu ya kusahaulika na watu wako ukiwa bado hai, ndo maana mwili ulikusisimka, mwili hausisimki kwa kitu ambacho haukukipata. Ambacho hukukielewa ni mpangilio, nani ni nani, kwanini jina limehama, kipi kimetangulia. Hivyo ni vitu viwili. Kaka alipouliza inahusu nini wewe ukaanza kutafuta stori kichwani, ukaikosa, ukanyamaza. Ungemwambia inahusu mtu anaefutwa na familia yake huku anaangalia. Hilo ni jibu zuri tu, na wala hujalisoma popote, umeliandika wewe bila kujijua.

Tena kwenye mambo ya kuelewa mpangilio hata wenye kazi yao huwa wanashindwa. Kuna muvi ya zamani ya upelelezi inaitwa The Big Sleep, ya mwaka 1946, waigizaji wakuu ni Humphrey Bogart na Lauren Bacall, mle ndani kuna dereva anakutwa amekufa gari limetumbukia majini. Wakati wanaitengeneza ikabidi dairekta Howard Hawks amtumie ujumbe mwandishi wa kitabu, Raymond Chandler, kumuuliza huyu dereva kauawa na nani hasa, na Chandler akajibu kwamba hata yeye hajui. Mwandishi mwenyewe! Afu kabla haijatoka kwenye kumbi wakaondoa sini iliyokuwa inawafafanulia watu mambo yalivyokwenda, wakaongeza sini za Bogart na Bacall wakitupiana maneno. Yani waliongeza giza kwa makusudi wakijua watu wamekuja kuwaona wale wawili, na hawakukosea, mpaka leo watu wanaipenda na hawamjui muuaji wa dereva. Kwahiyo mtu akikwambia kama hujaelewa hujaipenda, mwulize hao wote basi walikuwa wanafanya nini miaka yote hiyo.

Ila sitaki ukimbie na hilo moja kwa moja, maana kaka kuna mahali anagusa ukweli. Wapo watu wanaojifanya. Wapo wanaosifia muvi kwasababu ni ngumu tu, ugumu wenyewe ndo wanauona sifa, na ukiwauliza sini gani imebaki kichwani hawana hata moja. We unayo. Umenielezea mpaka alivyosimama. Na sijaona popote kwenye barua umesema kuna mtu aliisifia hiyo korido ndo ikakuingia, ulisisimka palepale kwenye kiti kabla hujasoma neno la mtu. Hicho hakuna wa kukunyang'anya.

Sasa unajuaje kama umeipenda. Mi nakushauri uache kujiuliza ukiwa bado majina yanapanda kwenye skrini, hapo ni mahali pabaya kuliko pote pa kujiuliza. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walitoa utafiti, watu waliambiwa waweke mkono kwenye maji ya baridi ya kuuma sekunde 60 wakatoa, mara nyingine wakaweka sekunde 60 zilezile afu wakaongezewa 30 ambazo maji yalipashwa kidogo tu, bado yanauma ila sio sana. Walipoulizwa kama kurudia mngerudia ipi, wengi wakachagua ile ndefu, ambayo ukijumlisha maumivu ndo yenye maumivu mengi! Maana kumbukumbu haijumlishi dakika kwa dakika, inashika pale palipokali zaidi na inashika mwisho. Sasa fikiria muvi zako wewe, hizi zilizovurugika nyingi mwisho wake haufungi kitu, zinakatika tu, unainuka na ladha ya mwisho mdomoni, na ile ladha inasambaa nyuma inaharibu masaa mawili ambayo ulikuwa umetulia vizuri. Na kinyume chake kipo, ile uliyoiona kali sana afu hukumbuki sura ya mtu, mi nahisi ilikuwa na mwisho wa kishindo, ukainuka umepandwa na mzuka, na mzuka ulipoondoka hakikubaki kitu. Kwahiyo sio kwamba hujielewi, ulikuwa unajipima kwa wakati mbaya.

Lala kwanza. Kesho yake jiulize kitu kimoja tu, ule muda nilipokuwa sielewi, nilikuwa nataka kujua au nilikuwa sijali? Hapo ndo mi naona jibu lilipo, na nimeangalia muvi nyingi za aina hii kwa miaka mingi na sijaona kipimo kingine kinachonifaa kama hiki. Kuna kuchanganyikiwa kwa kiu, unasogea mbele ya kiti, unataka kurudisha nyuma uone tena ile sura, unamkasirikia aliyetengeneza kwasababu kakunyima kitu unachokitaka. Hasira ya namna hiyo iko karibu sana na mapenzi, ile muvi uliyoimaliza unailaani na bado unaiwaza naiweka hapo. Na kuna kuchanganyikiwa kwa baridi, mtu kafa, hajafa, ni ndoto, sio ndoto, vyovyote vile, unaangalia saa. Ukifika kwenye hali hiyo ya vyovyote vile, jibu limeshatoka na huna deni la kumalizia hata nusu saa iliyobaki. Zima. Huyo dairekta hajakuajiri.

Na vyote viwili vinaweza kuwa ndani ya muvi moja, kama hiyo yako, ulipambana na usingizi na ulisisimka. Watu wanalazimisha kimoja kiwe cha uongo, ama usingizi ulikuwa ujinga wako kwasababu muvi ni nzito, ama msisimko ulikuwa wa kujifanya kwasababu muvi inachosha. Hapana. Ilikuchosha na ilikupata. Iseme hivyohivyo bila kuipunguza upande wowote.

Kuna uchovu mwingine lakini ambao inafaa uuchunguze kabla hujauamini, uchovu wa kusubiri kitu ambacho hakiji. Mwaka 1960 kwenye tamasha la muvi la Cannes, Ufaransa, ilionyeshwa L'Avventura ya dairekta Michelangelo Antonioni, mwanamke anapotea kisiwani, mpenzi wake na rafiki yake wanaanza kumtafuta, na ukumbi ukazomea, watu wamekaa wanasubiri apatikane na hapatikani, hapatikani kabisa, wale wawili wanaomtafuta wanaanza kupendana na taratibu wanaacha hata kumtaja. Tamasha lilelile likaisha imepewa tuzo ya majaji. Ukikaa unamsubiri yule mwanamke utachoka vibaya sana, ila ukigundua kwamba muvi inakuonyesha jinsi watu wanavyomsahau mtu, na wewe mtazamaji ukiwemo, kila kitu kinageuka. Kwahiyo kama uchovu wako ulikuwa wa kusubiri mama aelezwe, hiyo muvi ina haki ya kuangaliwa tena ukiwa unajua kabisa kwamba hatoelezwa. Lakini rudia kama kuna kitu kinakuvuta kurudi, sio kama adhabu. Sikubaliani hata kidogo na watu wanaosema muvi fulani lazima uione mara kadhaa ndo uwe na ruhusa ya kuichukia.

Haya, yule jamaa wa maelezo. Kusoma sio dhambi, mi mwenyewe nasoma, ila angalia maelezo yanakufanya nini. Kuna maelezo ukiyasoma unakumbuka kitu ulichokiona kwa macho yako, unasema aaah ndo maana binti alikuwa anavaa lile gauni, na unatamani kwenda kuangalia tena. Hayo yamekuongezea macho, na kilichoongezeka ni chako. Na kuna maelezo yanakaa badala ya muvi, unabaki na orodha ya maana, nyumba ni hiki, mlango ni kile, na ile korido inageuka kuwa jibu la mtihani, haikusisimui tena. Hayo mi naona yanaiba. Dawa yake nyepesi, kabla hujasoma cha mtu andika cha kwako kwenye simu, mistari michache tu, hata kama ni ya kijinga, nini kilikushika, wapi ulichoka, unadhani yule mama kapatwa na nini. Halafu soma unavyotaka, utaona wazi kipi ulikuja nacho na kipi umepewa. Na usimchukulie mchambuzi kama mwenye funguo, dairekta David Lynch mpaka anafariki mwaka 2025 alikuwa anakataa kueleza muvi zake zina maana gani, kwahiyo wote wanaochambua kwa uhakika sana nao wanakisia kama wewe.

Na huyo Lynch ananifaa kwenye swali lako la mwisho, kwamba utajuaje ni kazi nzito au ni fujo. Muvi yake ya Mulholland Drive aliianza kama tamthilia ya televisheni, alirekodi kipande cha kwanza mwaka 1999, kituo cha ABC cha Marekani kikaikataa, ikakaa. Baadae zikaja hela kutoka Ufaransa, akarekodi vipande vingine ili ile iliyokuwa mwanzo wa tamthilia iweze kuisha kama muvi. Ndo maana kuna watu mle ndani wanatokea vizuri kabisa kama wana mambo makubwa mbele afu huwaoni tena. Sasa hiyo ni fujo ya bahati mbaya au ni ufundi? Ni vyote, na mwaka 2001 ikampa tuzo ya dairekta bora pale Cannes, akagawana na Joel Coen, na mwaka 2016 BBC walipokusanya kura za wachambuzi 177 ikatoka ya kwanza kati ya muvi bora za karne hii. Wakati mwingine kinyume chake, fujo unayoiona hata sio ya aliyetengeneza. Once Upon a Time in America ya Sergio Leone, 1984, ilikuwa na dakika 229 inarukaruka kati ya utoto na uzee, Marekani wakaikata mpaka 139 na kuipanga upya ianze utotoni iende moja kwa moja, wakidhani wanawasaidia watu waelewe, na ikafa, waliokuja kuiona nzima wakakuta ni kitu kingine kabisa. Kwahiyo kabla hujahukumu angalia hata dakika ngapi, umeangalia nakala ipi, na kama sauti ilikuwa mbovu au maandishi ya chini yametafsiriwa hovyo, maana kuna kuchanganyikiwa kwingi kunatokea hapo tu.

Mimi ninavyotofautisha, siangalii muvi nzima, naangalia sini moja moja. Muvi nzito inaweza isikwambie sini hii inaungana vipi na ile, ila ndani ya sini yenyewe kila kitu kina uhai, watu wanatakana kitu, kimya kina uzito, mtu akifungua mlango unajua anaogopa nini. Fujo inakosa hapo chini kabisa, mtu analia kwasababu ni zamu ya kulia, muziki unakulazimisha, mtu mwenye hekima sini iliyopita leo ni mpumbavu ili tu stori isogee, afu zimebaki dakika kumi anatokea mmoja anahutubia kueleza yote. Aliyetengeneza kwa makini hata akikupoteza unahisi kuna mkono umekushika. Na ukishindwa kabisa kuamua alikusudia au hakukusudia, achana nalo, kusudio lake sio kazi yako kulithibitisha ndo uruhusiwe kufurahi.

Kaka sasa. Mi kwenye barua yako nimesoma kitu ambacho hukukiuliza. Huyu ndo alikufundisha kuangalia, mlikuwa mnazima mnalala mmekubaliana, leo umekaa pembeni yake unapenda kitu ambacho yeye hakimfikii, na hana hata jinsi ya kukuuliza isipokuwa kwa ukali. Usimjibu kwamba yeye haelewi, neno hilo litamfunga kabisa. Mpelekee Memento ya mwaka 2000, itawavuruga wote wawili ila ina kanuni, sini za rangi zinakwenda kinyumenyume, za nyeusi na nyeupe zinakwenda mbele, na zinakutana mwishoni, fundo linafunguka na yeye anapenda fundo lifunguke. Muwe mnasimamisha mnabishana katikati. Afu ya wiki inayofuata achague yeye, na uiangalie kwa moyo uleule, sio kwa kumvumilia.

Na hizo nyota, waambie rafiki zako utatoa kesho yake, wakigoma basi wape sini badala ya namba, waambie hapa nimesisimka, hapa nimesinzia, hapa nimekasirika. Hiyo tatu yako iache. Korido ni tano na usingizi ni moja, ukizichanganya unapata tatu ambayo haisemi ukweli wa korido wala wa usingizi, na nahisi ndo maana kila ukiitaja unatoka hapo hujui umesema nini. Kama lazima iwe namba, toa tano siku hiyo, keshokutwa ukiona imepoa rudi useme imeshuka mbili, hakuna aliyewahi kupelekwa popote kwa kubadilisha nyota.

Ukishaangalia na kaka niandikie, nataka kujua aligombana nayo wapi.

Anti yako